Anne Brontë: Kimya kingi kilichokuwa na mshindo mkuu

WAPENZI wa fasihi ya Kiingereza wakiulizwa kuhusu kina dada wa Brontë, jibu huja upesi: Charlotte ndiye wa Jane Eyre na Emily ndiye wa Wuthering Heights. Na wa tatu je? Hapo wengi husita kidogo, kisha husema, “Ah, kuna Anne, yule mpole.”

Leo nataka tumsherehekee huyu anayeitwa mpole. Dai langu ni kwamba Anne Brontë alikuwa jasiri kuliko dada zake wote wawili katika kuusema ukweli wa ndoa za zama zake, na kwamba hakuachwa nyuma kwa sababu ya udhaifu wa kalamu yake. Aliachwa nyuma kwa sababu kazi yake bora ilifichwa na waliompenda, kisha ikakatwakatwa na waliotaka kuiuza kwa bei rahisi. Kisa chake kinatuuliza swali ambalo kila mhakiki anapaswa kulijibu: mwandishi akishafariki, ni nani mwenye haki ya kutuambia alikuwa mtu wa namna gani?

Tuanze na maisha yake. Anne alizaliwa Januari 17, 1820 katika kijiji cha Thornton, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Baba yao, Patrick Brontë, alikuwa kasisi wa Kianglikana mwenye asili ya Ireland, na mwaka huo huo alihamisha jamaa yake hadi Haworth. Mama yao alifariki 1821, Anne akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Mnamo 1825 dada wawili wakubwa wakafuata. Waliobaki ni Charlotte, Branwell ambaye ndiye aliyekuwa mvulana wa pekee, Emily na Anne. Walilelewa na dada mkubwa wa marehemu mama yao.

Kwa msichana msomi lakini asiye na mali, kazi zilikuwa chache mno. Mojawapo ilikuwa ualimu wa nyumbani: unaajiriwa na tajiri, unaishi kwake, unawafundisha wanawe, na hali huhesabiwi kuwa mtumishi wala jamaa. Anne aliianza kazi hii 1839 huko Blake Hall na hakumaliza mwaka. Kisha alikwenda Thorp Green, karibu na mji wa York, akakaa huko kwa takriban miaka mitano, 1840 hadi 1845. Katika kazi hiyo ya kuishi nyumbani mwa watu, hakuna nduguye aliyevumilia kama yeye. Huyo ndiye “dhaifu” wa familia!

Uzoefu huo ndio uliozaa riwaya yake ya kwanza, Agnes Grey, iliyochapishwa Desemba 1847 kwa jina la kupanga, Acton Bell. Agnes, binti wa kasisi, anakwenda kufundisha watoto wa matajiri kwa ujira wa pauni 25 kwa mwaka. Watoto hawafunziki, wazazi hawamruhusu awaadhibu, na wakikosea lawama ni zake. Kuna tukio moja ambalo msomaji halisahau. Mvulana mdogo aitwaye Tom amepewa makinda ya ndege na anajiandaa kuyatesa kwa raha zake, huku mjomba wake akimchochea. Agnes anaomba, anaonya, hasikilizwi. Mwishowe anainua jiwe kubwa na kuyaua makinda yale kwa pigo moja ili yasiteseke. Kisha anakaripiwa na mama wa mtoto kwa kumharibia mwanawe starehe.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la uhakiki. Anne hapigi kelele wala hahubiri. Anatuonyesha mtoto anayefunzwa kwamba kiumbe dhaifu ni mchezo wake, nasi tunaachiwa tukamilishe hesabu wenyewe: mvulana kama huyu akikua na kuoa, mkewe atakuwa nani machoni pake? Jibu la swali hilo ndilo riwaya yake ya pili.

Kabla ya kuifikia, yapo mambo ya tarehe yanayofaa kuwekwa sawa. Kwa kuwa Jane Eyre ilitoka Oktoba 1847, miezi miwili kabla ya Agnes Grey, wapo wanaodhani kwamba Anne alimwiga dadake kwa kusimulia habari za mwalimu wa nyumbani asiye na uzuri wa sura. La hasha. Kufikia Julai 1846 mswada wa Agnes Grey ulikuwa tayari ukizungushwa kwa wachapishaji, ilhali Charlotte alianza kuandika Jane Eyre Agosti mwaka huo. Aliyetangulia kumpa mwalimu huyo maskini sauti ya kujisimulia ni mdogo mtu. Mkubwa alichukua wazo, akalitia moto na giza na siri ya chumba cha juu, na dunia ikamshangilia. Simlaumu, fasihi huazima na kuazimwa. Ila mwenye mali atajwe.

Riwaya ya pili, The Tenant of Wildfell Hall, yaani mpangaji wa jumba la Wildfell, ilitoka 1848. Mwanamke mgeni aitwaye Helen Graham anahamia katika jumba kuukuu akiwa na mtoto mdogo wa kiume. Anajikimu kwa kuchora na kuuza picha. Majirani wanaanza kunong’ona, maana mwanamke asiyeeleza mumewe yuko wapi ni chakula cha midomo ya kijiji. Gilbert Markham, mkulima kijana, anampenda na kumwonea wivu hadi anamjeruhi mtu asiye na hatia kwa kumdhania mpinzani. Hatimaye Helen anamkabidhi shajara yake asome mwenyewe. Humo ndimo tunamokuta ukweli: Helen ni mke wa Arthur Huntingdon, tajiri mtanashati, mlevi na mzinzi, na amemtoroka.

Ametoroka kwa nini hasa? Mtu angetarajia kwamba ni kwa sababu ya zile hawara za mumewe. Hizo alizivumilia. Kilichomwondoa ni mtoto. Huntingdon na marafiki zake walianza kumnywesha mvinyo kijana huyo mdogo na kumfundisha matusi, wakicheka na kumwita mwanamume kamili. Helen alipotambua kwamba mwanawe anageuzwa kuwa babake wa pili, alipanga safari. Mumewe akaisoma shajara kwa nguvu, akaigundua mipango, akavitupa motoni vifaa vyake vya kuchorea na kumpokonya funguo na fedha. Hata hivyo, baadaye Helen aliondoka, akisaidiwa na nduguye na mtumishi wake mwaminifu.

Msomaji wa leo anaweza kusema, “Haya, mbona hili ni jambo la kawaida?” Ili tuone uzito wake, lazima tujue sheria ya wakati huo. Katika Uingereza ya miaka ya 1820, ambamo sehemu kubwa ya kisa imewekwa, mke aliyeolewa hakuwa mtu kamili mbele ya sheria. Mali yake ilikuwa ya mume. Ujira wa kazi yake ulikuwa wa mume. Watoto walikuwa wa baba. Sheria ya 1839 ndiyo iliyomruhusu mama kuomba mahakamani akae na watoto walio chini ya miaka saba. Kwa hiyo Helen alipomchukua mwanawe alikuwa akikaidi sheria, na kila senti aliyoipata kwa kuuza picha ilikuwa, kisheria, senti ya Huntingdon. Ndiyo maana anatumia jina la bandia, na hata picha za Wildfell anaziandika majina ya mahali pengine kabla ya kuzipeleka sokoni.

Sheria iliyompa mke wa Kiingereza haki ya kumiliki mali yake mwenyewe ilianza kwa hatua ndogo 1870, ikapanuliwa 1882. Sheria hiyo ya 1882 si hadithi ya mbali kwetu. Mahakama za Kenya ziliitumia kwa miongo kadhaa katika kugawa mali ya wanandoa waliotengana, hadi tulipotunga Sheria yetu ya Mali ya Wanandoa ya 2013 iliyoiondoa rasmi. Kwa hivyo Anne Brontë alipoandika mwaka 1848 kuhusu mwanamke asiye na haki ya jasho lake, alikuwa akiligusa jeraha ambalo dawa yake ya kwanza ilikuja kutumiwa hata na wanawake wa Nairobi, Kisumu na Mombasa.

Riwaya hiyo ilipokelewaje? Ilinunuliwa sana, na ikalaaniwa sana. Wahakiki waliiita chafu na katili. Jarida moja la London liliwaonya mabibi wasiiguse. Mwandishi na kasisi Charles Kingsley alilalamikia ukali wake, lakini akakiri kwamba jamii ya Waingereza ilimwia mwandishi shukrani kwa kuwekewa kioo mbele ya uso. Anne, yule mpole, hakunyamaza. Katika dibaji ya toleo la pili, Julai 1848, aliwajibu kwa utulivu. Alisema kwamba lengo lake lilikuwa kuusema ukweli, na kwamba kuuonyesha uovu jinsi ulivyo ni wema kwa kijana kuliko kuufunika kwa maua. Kuhusu swali la kama Acton Bell ni mwanamume au mwanamke, alisema kitabu kizuri ni kizuri tu, na haelewi kwa nini mwanamke akemewe kwa kuandika jambo ambalo mwanamume angeruhusiwa kuliandika. Nionyesheni tamko la uhakiki lililo wazi kuliko hilo katika miaka ile!

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu wa mjadala huu. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kuchafua maadili, kabla ya kuja kukubaliwa baadaye. Kezilahabi hakumfuata Anne, lakini wawili hawa wanakutana katika hoja moja nzito ya malezi. Rosa anaangamia kwa kuwa babake alimfungia asijue lolote la dunia, kisha akaachiliwa ghafla. Helen naye, mapema katika riwaya, anabishana na majirani wanaosema mvulana aachwe aonje maovu ili apate nguvu, huku msichana akifichwa asiyajue kabisa. Mbona, anauliza, uzoefu uwe dawa kwa mmoja na sumu kwa mwingine? Waandishi wote wawili waliadhibiwa kwa kosa la kioo: kuonyesha sura iliyosimama mbele yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha masikitiko yetu. Mwaka huo huo wa 1848 nyumba ya Haworth ilivamiwa na mauti. Branwell, aliyeangamizwa na pombe na kasumba, alifariki Septemba. Emily alimfuata Desemba kwa kifua kikuu. Anne alifariki Mei 28, 1849 katika mji wa pwani wa Scarborough, akiwa na umri wa miaka 29. Maneno yake ya mwisho yanayokumbukwa yalikuwa ya kumtaka Charlotte ajipe moyo. Charlotte akabaki peke yake, na ndiye akawa mlinzi wa kumbukumbu za wadogo zake.

Mnamo 1850 mchapishaji alitaka kutoa upya kazi za dada hao wawili. Charlotte alikubali Wuthering Heights na Agnes Grey zichapishwe, akaziandikia utangulizi wa wasifu. The Tenant of Wildfell Hall aliikataa. Alimwambia mchapishaji kwamba haoni kama inafaa kuhifadhiwa, na katika wasifu akaeleza kuwa uteuzi wa mada ile ulikuwa kosa tupu. Kuhusu Anne mwenyewe, alimchora kama mtu wa kimya, mwenye imani na uvumilivu, aliyekosa nguvu na moto wa Emily, aliyejifunika shela kama mtawa. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno “mpole” ambalo hadi leo halijamtoka.

Je, Charlotte alikuwa na nia mbaya? Siamini hivyo. Alikuwa dada aliyefiwa na wote. Alijua kwamba wasomaji wangemtambua Branwell ndani ya Huntingdon, na aibu ya nyumbani ingeanikwa juani. Alijua pia kwamba wahakiki walikwisha kuziita kazi zao chafu, akataka kuyasafisha majina ya marehemu. Lakini Waswahili wana msemo kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Anne aliandika ili maradhi ya nyumba kama yao yasifichwe. Dadake, kwa upendo, akamfanya awe sehemu ya ufichaji ule ule alioupinga. Mapenzi ya jamaa si uhakiki, na heshima kwa marehemu si sawa na kuwasoma marehemu.

Mkasa haukuishia hapo. Mnamo 1854 mchapishaji Thomas Hodgson alitoa toleo la bei nafuu la The Tenant lililokatwakatwa vibaya. Barua inayoifungua riwaya, ambamo Gilbert anamwandikia shemeji yake Halford, iliondolewa. Karibu sura nzima ya 28 ilitupwa. Matoleo mengi ya Kiingereza yaliyofuata yalinakili maandishi hayo mabovu kwa zaidi ya karne moja. Toleo kamili la kitaaluma lilitolewa na Clarendon huko Oxford mwaka 1992, chini ya uhariri wa Herbert Rosengarten.

Tusidhani kwamba kilichopotea ni vipande vya pambizoni. Sura ya 28 ndiyo inayomwonyesha Helen akiwa mama mpya, akimtazama mwanawe kwa furaha iliyochanganyika na hofu ya atakavyokuwa, huku baba akimwonea wivu mtoto mchanga anayempunguzia mapenzi ya mkewe. Ondoa sura hiyo, na utoroshaji wa mtoto unakosa mzizi. Ondoa barua ya kwanza, na msomaji anaanza kusoma kisa anachoambiwa mtu asiyemjua. Kisha mhakiki anakuja na kusema muundo wa riwaya umelegea! Umemkata mtu mguu halafu unamcheka anavyochechemea.

Tena, barua ile ina maana kubwa kimaudhui. Inatufahamisha kwamba tunachokisoma ni shajara ya siri ya mwanamke, ambayo sasa mwanamume anamhadithia mwanamume mwenzake, kama mtu anayelipa deni la mazungumzo. Gilbert anampenda Helen, ndiyo, lakini anayatoa maisha yake ya ndani kwa rafiki. Anne ametutegea swali hapo: hata mume mwema ana haki ipi juu ya maneno ya mkewe? Wapo wahakiki waliosema ingekuwa bora Helen asimulie kwa kinywa chake badala ya kutoa daftari. Mimi naona daftari ndilo hoja yenyewe. Gilbert, aliyekuwa mwepesi wa wivu na wa kipigo, analazimika kunyamaza na kusoma kurasa nyingi asizoweza kuzikatiza.

Sherehe ya kweli haifichi kasoro, kwa hiyo nazo nizitaje. Helen huhubiri mno, hasa anapomuuguza Huntingdon kitandani mwake cha mauti, na mafundisho ya dini huizidi sanaa mahali mahali. Gilbert ni mwembamba kama mhusika, na anaposameheana haraka na yule aliyemjeruhi, hatushawishiki sana. Katika ukubwa wa lugha na upepo wa kishairi, Anne hamfikii Emily wa Wuthering Heights, wala sitadai hivyo. Lakini tulinganishe jambo moja. Katika riwaya za dada zake, mwanamume mkatili ana mvuto wa ajabu. Heathcliff na Rochester wamewapumbaza wasomaji wengi wakadhani ukatili ni dalili ya mapenzi mazito. Huntingdon naye anaanza kwa mvuto, kisha Anne anamvua pambo baada ya pambo hadi tunabaki na mlevi mwoga anayekiogopa kifo. Helen alimwoa akiamini atambadilisha. Anne anatuambia waziwazi kwamba mapenzi ya mke si hospitali. Ni wasichana wangapi hapa kwetu wangelihitaji kusikia hilo kabla ya harusi?

Huko Scarborough, jiwe la kaburi la Anne lilichongwa na makosa. Charlotte alirudi miaka mitatu baadaye na kuagiza yasahihishwe, lakini moja lilibaki: jiwe liliendelea kusema alifariki akiwa na miaka 28, ilhali alikuwa na 29. Ilipita zaidi ya miaka 160 kabla ya jumuiya ya wapenzi wa Brontë kuweka bamba jipya lenye umri sahihi. Kosa la jiwe ni rahisi kurekebisha kwa bamba. Kosa la sifa hurekebishwa kwa kusoma.

Basi msomaji, ukitaka kumsherehekea Anne Brontë, kitafute kitabu chake, na ukikipata, kabla hujalipa, fungua mwanzo. Kama kinaanza kwa barua ya Gilbert kwa Halford, una dalili nzuri kwamba umepata riwaya aliyoiandika. Kama barua haipo, kirudishe rafuni na uulizie toleo jingine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa Anne ulizibwa kwa muda mrefu. Haki yake ni kusikika bila kupunguzwa hata sura moja.